Usitie hiyo mbolea ya kuku kwenye mashimo ya mawaridi!

Mkuu, simama hapo hapo. Maswali yako ya rangi na kupogoa yasubiri kwanza. Umesema Jumamosi unapanda mawaridi sita hapo Kigamboni, na kila shimo utatia ndoo ya mbolea ya kuku uliyoletewa juzi, bado ina maranda. Usithubutu. Mimi ilinimalizia miche minane ndani ya wiki mbili, na yule muuzaji aliyeniapia kuwa "hii imeshaiva" sijamsamehe mpaka leo. Anapakia kiroba kikiwa bado cha moto, halafu anakuangalia usoni!

Mbolea mbichi ya kuku imejaa amonia na chumvichumvi. Mzizi ukiigusa unaungua, na ile chumvi inauzuia kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa. Utaona ncha za majani zinageuka kahawia, rangi hiyo inatambaa ukingoni, machipukizi yanasinyaa na kuwa meusi, majani yanapukutika. Wengi wanadhani ni kiu, wanamwaga maji. Wakiona bado, wanaongeza mbolea. Mche ndiyo unakufa kabisa.

Ilundike kivulini. Iloweshe mpaka ukifumbata konzi moja ishikamane bila kuchuruzika, funika kwa turubai, igeuze kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Kisha zamisha mkono katikati ya lundo: ikiwa na joto, au ikikuchoma pua, bado. Iliyoiva ni nyeusi, inamung'unyika, inanukia kama ardhi baada ya mvua. Ukiwa na wasiwasi, changanya kidogo na udongo kwenye kopo, panda punje tano za maharage. Wiki mbili zikipita na majani ni mazima, endelea.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande, ndoo mbili za udongo wa juu kwa moja ya mbolea iliyoiva. Pale mche ulipobebeshwa, yaani kile kifundo shinani waridi lilipounganishwa na shina la mche mwingine, pabaki juu ya udongo. Mchanga wa huko haushiki maji, kwa hiyo tandaza nyasi kavu, zisiguse shina.

Kama Jumamosi haiahirishiki, panda bila mbolea kabisa. Waridi litavumilia njaa miezi kadhaa, utalilisha taratibu kwa juu. Na kama kuna shimo umeshalitia, lichimbue leo hii, utoe na udongo wote uliochanganyika nayo.