Uzi wa Nairobi hadi New York

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Umeuliza Nairobi mpaka New York ni kilomita ngapi kwa ndege, upate kujua kama goti langu litastahimili nikija ukijifungua. Ni 11,800 na kidogo. Nimelitoa lile tufe lako la shule nikalipima kwa uzi wa cherehani. Kwenye ramani ya ukutani ungedhani njia inapita Mali, kumbe uzi ukiukaza unapanda Chad, unakata Sahara, na nusu ya safari inaangukia karibu na Marrakech. Kisha ni Atlantiki tupu. Uzi haudanganyi, nimekwambia hivyo tangu ukiniokotea pini sakafuni.

Nikapima na ya kupitia Amsterdam: 12,500 hivi. Ziada ni 700 tu! Nikabaki na uzi mkononi.

Maana miaka yote nimeshika kwamba kilichokukosesha maziko ya Bibi, Agosti 2016, ni kule kuzungushwa. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikakuacha, ukalala kwenye viti vya kiwanja kimoja cha Ulaya. Umefika, hitima ishasomwa na mikeka ishakunjwa. Ulipita moja kwa moja hadi chumbani kwake, ukainusa kanga iliyokuwa chini ya mto. Hukumsalimu mtu.

Lakini Bibi alifariki Alhamisi alfajiri, na baada ya alasiri tulikuwa tushamzika. Ndege gani ingekuwahisha? Hata hii ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, ni saa 15 kwenda huko na kama 14 kuja huku, na bado Mombasa. Isingewahi.

Ila ungepigiwa simu Jumatano. Jumatano saa mbili asubuhi alikataa uji, akageukia ukutani. Nilishika simu. Nikahesabu: kwenu ni saa saba ya usiku, mwache mtoto alale. Nikaiweka juu ya cherehani, nikaendelea na kanzu ya watu. Mtu asiyekataa uji wangu hata siku moja! Nilijua. Hapana, sikujua, alishawahi kuugua akainuka. Lakini simu niliishika, mwanangu, na niliiweka.

Kwa safari za wakati ule pengine ungefika, pengine usingefika. Uzi haudanganyi, na huu nimeupima mara tatu tangu jana.

Goti ni zima. Tiketi nikatie ya moja kwa moja, kiti cha kando ya njia niweze kusimama. La wewe kurudi nyumbani kuishi silisemi, nilimwahidi mama yako, ingawa unajua ningesema nini. Niletee tarehe ya daktari. Vikanzu viwili nishavikata, kimoja bado pindo.

Baba yako