Maswali yenu kuhusu Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia (Norway, Sweden, Denmark), leo najibu matano

Ni kweli walivaa kofia za pembe?

Hapana, hizo zimetoka jukwaani. Carl Emil Doepler ndo alibuni mavazi ya opera (mchezo wa kuimbwa) ya Wagner, mtunzi wa muziki Mjerumani, kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, kofia za pembe zikiwemo, zikawanata Waviking mpaka leo. Kofia yao halisi ni kama ile ya Gjermundbu, Norway, iliyopatikana 1943, ya chuma, ya duara, ina kinga ya macho kama miwani. Pembe hamna.

Pesa za Kiarabu zilifikaje Sweden?

Hili swali nalipenda sana. Walikuwa wanashuka na mito ya Ulaya Mashariki wanauza manyoya na watumwa, wanalipwa dirhamu, yaani sarafu za Kiarabu za madini ya fedha. Mwaka 1999 pale Spillings, kisiwa cha Gotland, shambani tu, zilifukuliwa kama kilo 67 za fedha, sarafu zaidi ya 14,000 na karibu zote za Kiislamu. Na wenyewe walichojali ni uzito, mfanyabiashara anatembea na kamizani kadogo ka kukunja, ukimpa bangili anaikata kipande, anaichokoa na ncha ya kisu aone kama ni fedha kweli, ndo anapima.

Walikuwa wachafu kama wanavyosema?

Inategemea unamuuliza nani. Makaburini mwao vitana vimejaa, kwa hiyo nywele walizijali. Ila Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta mto Volga mwaka 922, akawasifia kwamba ni warefu kama mitende, afu akashangaa asubuhi beseni moja la maji linazungushwa kwa wote, huyu ananawa, anachana nywele, anapenga kamasi humohumo, linaenda kwa mwenzake maji yaleyale. Kwa mtu aliyezoea kutawadha kwa maji safi, jamani!

Walikuwa na watumwa?

Wengi, na inaniuma watu wanavyoliruka hili wakisifia meli na mapanga. Dublin ilikuwa soko lao kubwa, watu wanatekwa vijijini Ireland wanauzwa mbali. Ibn Fadlan huyohuyo alishuhudia mazishi ya tajiri mmoja, binti mtumwa akanyweshwa pombe mpaka akachanganyikiwa, akauawa, akachomwa pamoja na maiti ya bwana wake ndani ya meli. Jina lake hakuliandika. Kila mkisikia ushujaa wa Waviking mkumbukeni na huyo binti.

Wanawake je, walipigana, na ni kweli walifika Amerika kabla ya Columbus?

La kwanza, kaburi moja la Birka, Sweden, lenye upanga, mishale na farasi wawili, lilihesabiwa la mwanaume miaka na miaka mpaka DNA ilipoonyesha 2017 kwamba ni mwanamke. Kama alipigana kweli wataalamu bado wanabishana. Ila heshima walikuwa nayo: meli ya Oseberg, Norway, mita 21 na nusu, ilizikwa mwaka 834 na ndani wamelala wanawake wawili.

La pili ni ndiyo. Helge Ingstad, mpelelezi wa Norway, na mkewe Anne Stine walikuta mabaki ya nyumba za Waviking L'Anse aux Meadows, Newfoundland, Canada. Mbao za pale zilikatwa kwa vyuma mwaka 1021, na huo mwaka umejulikana kwa sababu dhoruba ya jua (mlipuko mkubwa wa miale ya jua) ya 993 iliacha alama ndani ya miti, wataalamu wakahesabu miduara ya mti, mmoja kwa kila mwaka, kutoka hapo mpaka kwenye gome.