Fundo la Ulimi na Kuweza Kusiko na Kazi

Mwalimu mmoja wa madrasa huko Wete, Pemba, ameniandikia kuwa kila anapotakiwa kuzungumza mbele ya watu siku ya Maulidi, hutanguliza kimya kimya dua ya Nabii Musa, na wanafunzi wake huwafasiria kwa kusema "unifungue fundo la ulimi wangu". Mwenzake amemkosoa kwamba itakiwavyo ni "unifungulie". Anauliza nani mwenye haki.

Haki ni ya mwenzako, mwalimu wangu. Ukisema "unifungue", aliyefungwa ni wewe mzima. Ukisema "unifungulie fundo", au "ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu", kilichofungwa ni ulimi. Na ukitaka neno moja, tunalo "kufundua", ambalo vijana wanaliacha lipotee. Uqda, neno la Kiarabu la fundo lililomo katika aya ya dua hiyo, lina mzizi mmoja na itikadi, yaani lile mtu alilolifunga moyoni. Swali limekwisha hapo.

Linalonikera mimi ni yale yanayosemwa baada ya dua. Itazame yenyewe, Surat Taha, aya ya 25 hadi ya 28, pale Nabii Musa alipoamrishwa aende kwa Firauni: nikunjulie kifua changu, nifanyie jepesi jambo langu, nifungulie fundo la ulimi wangu, wapate kufahamu kauli yangu. Hakuna kitenzi kilichokaa bure. Kisha mzungumzaji wetu aliyekwisha kuomba hayo hushika kipaza sauti na kusema: "Ningependa kuchukua fursa hii kuweza kutoa shukurani zangu kwenu kwa kuweza kunialika ili niweze kusema machache." Fundo aliloomba lifunguliwe amelikaza upya mwenyewe.

Hebu tuifumue sentensi hiyo neno kwa neno. "Ningependa" ina -nge- ya sharti. Angependa lau kama nini, na nani amemzuia? Ama "kuweza", maana yake ni kuwa na uwezo: mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akainuka kitandani, huyo ameweza kuinuka. Waliomwalika walimwalika tu, hawakushinda kizuizi chochote. Ondoa kila kuweza hapo, na hakuna maana itakayopungua hata chembe. Maradhi haya yamefika hadi katika habari, ambako utasikia kuwa gari limeweza kupinduka na abiria wameweza kufariki, kana kwamba kufa ni jambo ambalo marehemu walilihangaikia wakafanikiwa. Kuwasemea wafu hivyo ni kuwakosea adabu.

Kijana anayesimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza, magoti yakimgongana, namsamehe, kwa sababu kuweza kwake ni pumzi anayoitafuta. Mtangazaji na mshereheshaji, ambao kusema ndiyo kazi yao, siwasamehe. Nabii Musa alikiri kuwa nduguye Harun ni mfasaha zaidi kuliko yeye, na bado hakuomba wingi wa maneno. Aliomba watu wapate kufahamu. Nawe angalia hiyo "wapate", namna Kiswahili kinavyoeleza kusudio bila ya kuita kuweza.

Basi ukishamaliza dua yako, mwalimu, simama utoe salamu, useme "Nakushukuruni kwa kunialika", kisha uingie moja kwa moja katika ulilokusudia.