Barua 19, sijaitwa hata mara moja

Mama, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Keko, Dar es Salaam. Kwa miaka 11 nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, mpaka Februari tulipopunguzwa. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nimepeleka barua 19, zote nimeandika niko tayari kwa kazi yoyote. Kimya. Wikiendi namsaidia shemeji karakanani, tunatengeneza makabati, ila hiyo ni ya kujikimu tu. Juzi nimepata ujumbe wa ajira bandarini, wanataka 35,000 ya medikali. Nitume?
Baba Rehema

Marahaba, Baba Rehema. Nianze na la mwisho maana ndilo la haraka: usitume. Hukuomba kazi hiyo, hujaonana na mtu, tayari unadaiwa? Hiyo hela nunua unga.

Sasa hiyo "kazi yoyote". Nimepokea barua za maombi miaka mingi katika ofisi moja pale Posta, na za namna hiyo nilikuwa naziweka chini ya rundo. Si roho mbaya. Nilikuwa natafuta mtu wa stoo, na wewe umeficha stoo yako! Andika ulipokea malori mangapi kwa siku, leja ilikuwa ya mkono au kompyuta, nani alihesabu mzigo mwisho wa mwezi. Barua tano za hivyo zinatosha.

Kiwandani walikupa cheti cha utumishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma. Kakidai. Halafu pita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: kwa aliyeachishwa bila kujiuzulu na aliyechangia walau miezi 18, lipo fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara, lisilozidi miezi sita. Si haba kwa kodi ya chumba.

Serikalini unaweza kujaribu, matangazo mengi ukomo wake ni miaka 45. Ila nafasi za stoo huko kwa kawaida zinataka cheti cha ugavi, kwa hiyo usikae unasubiri simu.

Kilichonifanya nisome barua yako mara mbili ni makabati. Umeyapa mstari mmoja, kama mtu anayeona haya. Hapo ulipo, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe ni pua na mdomo. Kaulizie urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa anachokiweza, anaelekezwa palipopungua, kisha anapewa cheti. Useremala umo. Ukiwa na cheti hicho, hata mkandarasi anayeajiri maseremala atakusikiliza.

Na nikwambie kitu kilichonikuta hapo hapo Keko. Nililipia kabati nikaambiwa Ijumaa. Nilikuja kulichukua wiki ya tatu, kisa bawaba ziliisha na hakuna aliyejua zimeisha lini. Fundi mwenyewe mkono wake dhahabu. Alichokosa pale ni mtu kama wewe, mwenye daftari, anayejua mbao zilizoingia, zilizokatwa na zilizoharibika.

Jumamosi hii muulize shemeji yako zimebaki mbao ngapi. Akikujibu "zipo zipo", niandikie.