Mwasmini usiochanua: vunja jani kwanza

Salamu dada. Umesema mche uliouziwa kama mwasmini una mwaka wa pili, majani tele, ua hakuna. Kabla ya mbolea yoyote, chuma jani utazame kikonyo chake. Likitoa utomvu mweupe, mzito kama maziwa, huo si mwasmini. Yaelekea ni Tabernaemontana, mmea mwingine ambao petali zake nyeupe hupinda zote upande mmoja.

Hakuna utomvu? Basi angalia jua. Wangu ulikuwa chini ya mwembe, ukirefuka tu. Niliuhamishia uwanjani, nikapogoa, na matumba yakatokea kwenye ncha za matawi machanga, maana ndiko unakochanulia. Samadi ya kuku punguza, inazidisha majani. Ukichanua, chuma matumba jioni kabla hayajafunguka. Kikuba, kile kishada cha maua cha kujipamba, kitanukia usiku kucha.