Nairobi hadi New York: ni saa 7, 13 au 15?

Swali: Tiketi ya binti yangu inaonyesha kuwa ataondoka Nairobi saa 5 usiku, mwezi Januari, na kutua New York saa 12 asubuhi, yaani baada ya saa 7. Nilipogawa umbali wa kilomita 11,830 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa nilipata saa 13, ilhali wakala anasema ni 15. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu msomaji, mwamini wakala. Tiketi huandika saa za mahali husika, na mwezi Januari New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Binti yako atakapotua saa 12 asubuhi, saa yako ya ukutani itakuwa inaonyesha saa 8 mchana.

Umbali ulioutaja ni sahihi, lakini ni wa njia fupi kuliko zote. Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York; utaona unapinda kaskazini kupitia Sudan Kusini, Darfur, Chad, Algeria na Morocco karibu na Marrakech, ndipo uingie Atlantiki. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani ungepita Mali na Mauritania, nao ni mrefu zaidi kwa kilomita zaidi ya 300. Hata hivyo, sisi tunaopanga safari za ndege ni nadra kuufuata uzi huo hatua kwa hatua, kwa sababu anga nalo lina mipaka na hatari zake: vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa na ndege zikalazimika kuzunguka.

Jambo kubwa zaidi ni upepo. Kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, upepo mkali wa anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Tarehe 9 Februari 2020, ndege ya British Airways iliyosukumwa na upepo huo ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Binti yako atakuwa anaukabili: ukipunguza mwendo kwa wastani wa kilomita 60 tu kwa saa, zile saa 13 zinakuwa 14. Ongeza mzunguko wa njia, kupanda, kushuka, na muda wa kutembea uwanjani, kwani safari huhesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka getini hadi inapoegeshwa.

Akirudi atasukumwa na upepo uleule. Akiondoka saa 6 mchana na kutua Nairobi saa 4 asubuhi kesho yake, tiketi itaonekana kama ya saa 22. Toa 8 za tofauti ya majira, zitabaki 14.