Maumivu ya Diski Yanapohama Mguuni na Kurudi Kiunoni

SWALI: Mimi ni fundi ujenzi, Morogoro. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kubana neva ya mguu wa kushoto. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono. Sasa mguu umepata nafuu, lakini kiuno kinauma zaidi. Je, niache?

JIBU: Usiache kwa sababu hiyo pekee. Maumivu yanapoondoka kwenye unyayo na kigimbi yakajikusanya kiunoni, kwa kawaida hiyo ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kinalalamika zaidi kwa muda, na wataalamu wengi huitumia kuchagua zoezi linalomfaa mgonjwa. Kinyume chake, maumivu au ganzi vikishuka zaidi mguuni na kubaki huko baada ya zoezi, lisimamishe na umrudie mtaalamu wako. Kutembea mwendo mfupi mara kadhaa kwa siku kunasaidia kuliko kushinda kitandani; kulala tu ni ushauri wa zamani ambao bado unasikika mno. Kubeba mifuko ya saruji, ambayo huwa na kilo 50, kunapaswa kusubiri hadi mtaalamu akuruhusu.

Hata hivyo, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo ukikataa kutoka, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukizidi kulegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.